Kabla ya Kufunga Koki: Kwa Mnaoanza Kazi Hospitali Ikijengwa Upya

Mkandarasi akisema maji yatazimwa kwa muda wa saa mbili, jiandaeni kwa muda wa saa sita. Jengo jipya likipanda upande huu, kina mama wanajifungua upande ule, na kote maji, stima na oksijeni vinatoka kwenye mabomba na nyaya zilezile. Kwa hiyo anzeni kwa kujua jengo la zamani linalishwa na nini.

Ramani msiziamini sana. Hospitali kuu ya Kisumu, ambayo wenyeji bado huiita Russia, ilifunguliwa 1969. Jengo la umri huo, popote lilipo, huwa limekatwa na kuungwa mara nyingi bila mtu kuchora. Mtafuteni fundi aliyekaa hapo kuliko wote, mzunguke naye koki kwa koki, kila moja mkiitundikia kibati chenye namba. Koki isiyojulikana inaenda wapi haiguswi.

Anayetaka kuzima kitu alete kibali wiki moja mbele: kinazimwa nini, wodi zipi, saa ngapi, na mambo yakiharibika mtarudi vipi. Sahihi ya mhandisi haitoshi. Nesi msimamizi wa zamu naye atie yake, maana ndiye anayejua nani amelazwa mwisho wa hilo bomba.

Oksijeni ndiyo isiyosamehe. Mtungi mkubwa una kama lita 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na ushee. Wagonjwa wanne wa namna hiyo, hawafikishi saa tatu. Pigeni hesabu ya wodi nzima, mwongeze nusu, na mitungi iwe kando ya vitanda, geji zimefungwa na spana ipo, kabla vali haijafungwa. Spana ndiyo husahaulika.

Kurudisha kuna hatari yake. Fundi anapounga bomba la shaba kwa moto hupitisha naitrojeni ndani ili lisifanye masizi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Isipotolewa yote, geji ya ukutani itaonyesha presha nzuri kabisa huku mgonjwa akikosa pumzi. Presha haikwambii ni gesi gani. Pimeni kila tundu la oksijeni ukutani kwa kipima oksijeni, moja baada ya jingine: mtambo wa kuchuja hewa hutoa takriban asilimia 93, tangi la oksijeni ya majimaji zaidi ya 99. Mkisoma 21, mmeunganishwa na bomba la hewa ya kawaida. Msipime tundu moja kwa niaba ya wodi.

Stima ikirudi baada ya waya kuhamishwa, angalieni mpangilio wa fezi, yaani zile nyaya tatu zinazobeba stima. Mbili zikibadilishana, pampu inazunguka kinyume: inanguruma kama kawaida, presha haipandi, na lawama zote zinaenda kwa bomba. Jenereta ijaribiwe ikibeba mzigo halisi kwa nusu saa. Ikinguruma bure dizeli haiungui vizuri na injini inajaa uchafu. Mashine ya mkandarasi ya kuchomelea isichomekwe kwenye laini ya hospitali, hata kwa dakika tano.

Maji yakianza kuletwa na bowser, waambieni watu wa dayalisisi, wanaosafisha damu kwa mashine, siku hiyohiyo, maana klorini ya maji hayo huenda si ile waliyoizoea. Klorini ikipita miligramu 0.1 kwa lita baada ya chujio la mkaa, chembe nyekundu za damu hupasuka. Ipimwe kabla ya kila zamu.

Vumbi la kubomoa hubeba ukungu wa Aspergillus, hatari kwa wenye kinga dhaifu. Ukuta wa plaiwudi ufike kwenye zege la juu, usiishie darini, na feni ivute hewa kuelekea nje. Shikeni kipande cha tishu mlangoni: kisipoinama kuelekea upande wa ujenzi, kazi isimame. Paa lifunguliwe asubuhi na kufunikwa kabla ya saa nane, maana Kisumu mvua ya ngurumo hupenda jioni.

Lango la kesualti likihamishwa, waambieni kwanza watu wa boda boda pale steji, kisha mtundike kibao cha Kiswahili na Kijaluo. Na kabla njia mpya haijafunguliwa, sukumeni humo kitanda chenye mtungi, manesi wawili pembeni. Kitakwama konani.