Uliza Sista: Mkono wa mashine, kiu, na futari ya mgonjwa wa figo

Safari hii barua tatu zote zimetoka huku kwetu mkoa wa Tanga na zote ni za figo, kwaiyo nazijibu pamoja. Majina nimeyaacha.

Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 61, figo zimeshindwa, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mwezi uliopita walimtoa mpira wa shingoni waliokuwa wanaupitishia damu, sasa wanamchoma mkono wa kushoto kwenye fistula. Juzi presha ilipanda tukampeleka zahanati, wakamfunga kipimo mkono huo huo na yeye akanyamaza, anaona aibu kumkatalia daktari. Jioni ukawa unauma. Kuna madhara? Binti, Makorora

Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma nenda kamwekee mama vidole viwili juu ya lile kovu, taratibu, usikandamize. Unatakiwa usikie kitu kinatetemeka chini ya ngozi kama simu iliyowekwa mtetemo, na ukitega sikio utasikia kinavuma vuuu, vuuu, kinafuata moyo. Kama mtetemo upo na mkono haujavimba wala haujawa wa moto, mshukuru Mungu, ila siku ya mashine waambie manesi wauangalie. Ukikuta kimya, usingoje zamu yake, mpeleke leo leo hata kama ni usiku, maana damu ikishaganda humo masaa ya mwanzo ndo yana matumaini ya kuuzibua.

Na nisemee hili kwa sababu najua mtaani watu wananong'ona: hii sio ile fistula ya kina mama walioumia kwenye uzazi. Neno moja, mambo mawili. Hapa daktari ameunganisha ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, na vena, mshipa unaoirudisha, ile damu ya kasi ikaingia kwenye vena ikainenepesha na kuikomaza, kazi ya wiki kadhaa na wengine miezi, ndo ikaweza kuchomwa sindano mbili nene kila anapokuja, moja inatoa damu nyingine inairudisha. Akiipoteza anarudi kwenye mpira, na mpira unaingiza vijidudu kwenye damu kirahisi zaidi.

Kwaiyo mkono ule haupimwi presha, hautolewi damu, hauwekewi dripu, hauvai bangili ya kubana, haubebi ndoo wala haulaliwi. Mama kunyamaza namuelewa, wakubwa wetu wamelelewa wasimbishie daktari, basi sema wewe: "Samahani dokta, huu ni mkono wa mashine, tumia huu mwingine." Kuna bibi mmoja nilimuhudumia miaka mingi, mjukuu wake alikuwa anamwandika mkononi kwa kalamu neno MASHINE kila wakitoka kwenda hospitali, herufi kubwa zimepinda pinda, na hakuna aliyewahi kumgusa vibaya. Mama naye azoee kuugusa kila asubuhi akimaliza kuswali alfajiri. Na ikitokea tundu la sindano limeanza kuvuja damu nyumbani, bana kwa kidole na kitambaa safi, inua mkono, usifunge kamba, na isipokata mwende hospitali huku umebana hivyo hivyo. Ikiwa inaruka kwa nguvu, bana na muondoke hapo hapo.

Sista habari za kazi. Mume wangu kiu haimuishi. Anaenda mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Jumatatu iliyopita alikutwa amezidi kilo 4 na nusu, misuli ya miguu ikamkaza mpaka akalia mtu mzima yule. Na sasa anasema Ramadhani atafunga. Nimfanyeje, na futari nimpikie nini? Mke, Pongwe

Nzuri mdogo wangu, na pole, kumuona mume analia sio jambo dogo. Chukulia kilo moja iliyozidi ni lita moja ya maji ambayo figo hazikuitoa, kwaiyo mumeo alikuja na lita 4 na nusu mwilini. Kwenye mashine anakaa masaa 4 tu. Mtu wa kilo 60 mwili wake unavumilia kutolewa kama lita 3 hivi kwa masaa hayo, ukilazimisha zaidi presha inashuka, misuli inakaza na moyo unaumia kimya kimya. Halafu tangu Ijumaa mpaka Jumatatu ndo kipindi kirefu kuliko vyote na ndo siku za harusi, pilau, soda, mchuzi wa ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi. Chumvi ndo mama wa kiu, hutaweza kumkataza maji wakati unampa ng'onda na achari, anza na chumvi kwanza.

Maji yenyewe, kipimo kinachotumika sana ni mkojo wake wa masaa 24 ukijumlisha nusu lita, daktari wake ndo atakupa namba kamili. Sasa jaza maji kwenye chupa kiasi hicho asubuhi, na kila akinywa chochote, iwe chai, uji, mchuzi, dawa, mwaga kiasi hicho hicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha imeisha. Mnywesheni kwa kile kikombe kidogo cha kahawa, kiu kali anyonye kipande cha ndimu au cha barafu.

Kuhusu kufunga, hukmu muulizeni sheikhe, ila al-Baqara aya ya 184 na 185 zimempa mgonjwa nafasi yake wazi, na daktari wake lazima ajue kabla mwezi haujaandama. Mi naogopa zaidi futari kuliko mfungo. Angalia meza yetu ya pwani: tende, dafu, mihogo ya nazi, magimbi, ndizi, maharage. Vyote hivyo vimejaa potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, na potasiamu ikizidi moyo unasimama, wala haupigi hodi. Dafu moja tu lina potasiamu kuliko ndizi, hilo mwambie hapana kabisa. Tende moja inatosha. Muhogo au kiazi kate kate vidogo, loweka, chemsha na maji mengi, mwaga, chemsha tena na maji mapya, mwaga, ndo uweke tui, na tui lenyewe liwe jepesi na kidogo. Ni kweli utamu unapungua, mtie pilipili manga na kitunguu saumu. Wali mweupe, tambi, kabichi, vipande viwili vitatu vya nanasi, hivyo havina ugomvi naye sana.

Ila usimnyime kitoweo. Kabla ya mashine alikuwa anaambiwa apunguze nyama, sasa amri imegeuka, mashine inaondoka na protini kila mara, kwaiyo samaki mbichi, kuku, ute wa yai, ale. Nawaona wagonjwa wanakuja wamekonda mabega yametoka kwa sababu nyumbani bado wanapikiwa kwa masharti ya zamani, inaniuma sana.

Na usiku ukiona hawezi kulala chali, anakaa kitako anahema, hiyo ni maji kwenye mapafu, usingoje Jumatatu.

Sista, babu ana sukari na presha, kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, imeanza kupanda ila hajaanza mashine. Magoti yanamuuma anakunywa diklofenaki kila siku, na jirani kamshauri juisi ya mabirimbi isafishe figo. Tumuache? Mjukuu, Muheza

Hapana, msimuache. Diklofenaki na ibuprofeni zinabana damu inayoingia kwenye figo, kwa figo iliyochoka hiyo ni kuisukuma shimoni. Panadol kwa kipimo cha daktari ndo afadhali, na goti akandwe. Mabirimbi ndo kabisa, juisi yake ina asidi ya okzaliki nyingi mno, kuna watu walikuwa na figo nzima wakaziharibu kwa kuinywa. Na machungwa ya hapo kwenu najua yamejaa uani, glasi moja ya juisi inameza machungwa matatu manne, kwaiyo mpaka apimwe potasiamu mpe vipande tu, sio glasi. Akienda kliniki mbebeeni na vidonge vyote vilivyoko kwenye droo, hata vilivyobaki nusu paketi, daktari ahesabu mwenyewe alikuwa anakunywa vingapi.