Kinundu cha kitovuni tulichokiita ngiri

Mama mkubwa hakuniambia mwenyewe. Niliambiwa na bintiye kwa simu, tena msimu wa kupulizia mikorosho salfa, wakati ambao huku kwetu kusini hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza ugonjwa wa mwenzake. "Mama ana kitu kitovuni. Anasema fundo la kitenge linamkwaruza." Nikajibu: mwambie asifunge kwa kukaza. Huo ndio ulikuwa ushauri wangu wa kwanza katika jambo hili, na nimeujutia vya kutosha.

Nilipofika Mikindani, Jumamosi iliyofuata, nilikaa tangu asubuhi hadi baada ya isha ndipo nikaonyeshwa. Mwanamke wa miaka sitini na mbili hafunui tumbo ovyo mbele ya mtoto aliyembeba mgongoni. Tulikula ugali wa muhogo na pweza, tukazungumza habari za watu wote, yeye akala matonge matatu akasema ameshiba. Hilo la matonge matatu nililiona, nikaliacha lipite. Tukishakuwa wawili tu chumbani nikammulika kwa tochi ya simu. Kitovuni palikuwa na kinundu kama njugu mawe iliyochemshwa, chekundu kinachoelekea weusi, kigumu. Nilikibonyeza, hakikuingia ndani. "Kinauma, mama?" "Hakiumi, mwanangu. Kinakera tu."

Kwetu kila kitu cha tumboni kina jina tayari kabla hakijaangaliwa. Jirani alisema ngiri ya kitovu. Shangazi alisema chango, na chango haliulizwi maswali, linachemshiwa mizizi. Kaka yake mama mkubwa akakumbusha kwamba hata yeye alipokuwa mtoto kitovu kilimtokeza, bibi akamfungia sarafu kwa kitambaa, kikarudi. Mimi mwalimu, niliyesoma, nikaona la ngiri ndilo lina akili zaidi. Tulipita kwanza duka la dawa, tukapewa vidonge vya rangi mbili na dawa ya kupaka. Wiki mbili, hakuna kitu. Kikaanza kutoa majimaji.

Hapo tukampeleka kwenye kliniki moja ya binafsi, sitaitaja. Mhudumu alikitazama akiwa amesimama, akasema ni jipu lililokomaa vibaya, akachoma sindano ya ganzi, akakikata. Nilikuwepo. Niliona kile kinyama kikitupwa kwenye ndoo pamoja na pamba. Sikuuliza chochote, nilishukuru, nikalipa.

Kama una dakika moja tu ya kusoma makala hii, soma hapa halafu uende zako. Nyama ikikatwa mwilini mwako au mwilini mwa mtu wako, iwe kinundu, uvimbe au kidonda kisichoeleweka, uliza: inapelekwa wapi? Jibu unalolitaka ni kwamba inawekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhia, inaandikwa jina, na inapelekwa maabara ikaangaliwe kwa darubini. Wasipokuwa na namna ya kuipima, waombe wasikikate, wakuandikie rufaa uende kwenye hospitali inayoweza. Wala hakuna haja ya kugombana nao. Uliza kama unavyomuuliza muuza samaki: "Hawa wa lini?" Sisi tulipoteza miezi miwili kwa sababu jibu letu lilikuwa limelala kwenye ndoo ile na mimi nikalipita kwa heshima.

Kidonda hakikufunga. Kinundu kikarudi, kikiwa kipana zaidi. Safari hii tulikwenda hospitali kubwa, na aliyetufumbua macho alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda. Alikuwa akisafisha, anaongea na mama mkubwa kama anayepoteza muda. Bibi, unakula vizuri? Nguo zinakutosha? Haja ndogo je, unakwenda mara nyingi? Akaweka mkono tumboni, akagonga kwa vidole huku na huku, akanyamaza. Kisha akasema, "Dada, kabla hatujaendelea kufunga bandeji, nataka daktari aangalie tumbo lote. Sipendi kitovu hiki."

Baadaye nilipojisomea niligundua kwamba aliyeiona dalili hii hata ikapewa jina lake naye alikuwa mtu wa kazi kama hiyo. Alikuwa mtawa wa Kimarekani, Sister Mary Joseph Dempsey, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki mwaka 1939. Alifanya kazi katika hospitali ya St. Mary's mjini Rochester, Minnesota, akaiongoza tangu mwaka 1892 hadi kifo chake, na kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa daktari mpasuaji William Mayo. Katika kuandaa matumbo ya wagonjwa kwa upasuaji aligundua kwamba wenye kinundu kigumu kitovuni, wakishapasuliwa, mara kwa mara hukutwa na saratani iliyokwisha kutapakaa ndani. Mayo aliliandika jambo hilo mwaka 1928, akikifananisha kitovu cha namna hiyo na kifungo cha suruali. Jina la huyo mtawa lilikuja kubandikwa mwaka 1949 na daktari wa Uingereza, Hamilton Bailey, miaka kumi baada ya mwenyewe kuzikwa. Mpaka leo madaktari wanakiita kinundu cha Sister Mary Joseph. Nimefurahi kwamba angalau safari hii sifa imemfikia aliyeosha wagonjwa.

Kwa nini kitovuni? Kitovu ni kovu. Hapo ndipo tulipotenganishwa na mama zetu, na chini yake hakuna nyama wala mafuta mengi kama sehemu nyingine za tumbo. Ngozi imekaribiana mno na utando unaofunika matumbo kwa ndani. Isitoshe, kuna mabaki ya mishipa na vijia tulivyokuwa navyo tumboni mwa mama, vingine vinaelekea kwenye ini, vingine kwenye kibofu. Saratani ikishatapakaa kwenye ule utando, au ikasafiri kwa damu na mitoki, huweza kutokezea hapo. Kwa wanawake, mara nyingi chanzo huwa kwenye ovari. Kwa wanaume ni tumbo la chakula, utumbo mpana au kongosho. Wako ambao chanzo hakionekani hata baada ya vipimo. Si dalili ya kila siku: katika wagonjwa mia wenye saratani za tumbo na nyonga, wanaokuwa nayo ni mmoja hadi watatu.

Kwa hiyo usilale leo ukijipapasa kitovu kwa hofu. Vitu vinavyoota hapo ni vingi na vingi havina neno kubwa. Ngiri kwa kawaida ni laini, ukilala chali na kubonyeza inaingia, ukikohoa inachomoza. (Ikigoma kurudi ghafla, ikauma, ukaanza kutapika, hiyo nayo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.) Kovu la kuchanjwa au kutoboa huweza kunenepa likawa gumu. Kuna wanawake ambao kitovu huvimba na kutoa damu kila wakiwa mwezini, hao wana tatizo la nyama ya ukuta wa kizazi iliyoota mahali si pake, na lina tiba yake. Kuna majipu ya kweli. Cha kukutoa nyumbani ni kile kigumu, kisichoingia ukikibonyeza, kinachokua, kinachobadilika rangi, kinachotoka damu au majimaji, kisichosikia dawa. Na cha kukutoa mbio ni hicho kikiandamana na mambo ya tumbo.

Mambo ya tumbo tuliyapata yote, na tuliyasifia. Mama mkubwa alikuwa amenenepa, watu wakamwambia uzee umemkubali. Kumbe tumbo lilikuwa linajaa maji huku mikono na shingo vinakonda. Ncha ya kitenge ya kufungia ilikuwa imepungua, ndiyo maana fundo likawa linakaza, kwa hiyo hata kwenye kosa lake hakuwa amekosea sana. Anashiba kwa matonge matatu. Anaamka mara nne usiku kwenda uani, tukasema sukari. Mgongo unauma, tukasema kuinamia jiko. Kila kimoja kilikuwa na maelezo, na maelezo yote yalikuwa ya busara. Hakuna aliyeyaweka kwenye sinia moja mpaka yule muuguzi.

Alipigwa utrasaundi, akatolewa maji kidogo ya tumboni, na sindano nyembamba ikachoma kile kinundu kuvuta chembe za kupima. Hiyo sindano ni kipimo chepesi kuliko nilivyodhani, ni dakika chache. Majibu ndiyo yaliyokuwa marefu. Saratani ya ovari, imeshatoka mahali pake. Rufaa: hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Wanaokwenda kwa mara ya kwanza nawaambia haya. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mgonjwa mwenye maji tumboni hawezi kukaa kiti cha dirishani mpaka Mbagala bila kushuka. Mwombeni dereva mapema, msingoje Nangurukuru. Bebeni karatasi zote, hata ile ya mwanzo iliyoandikwa "jipu", na namba ya majibu ya maabara, kwa sababu bila majibu ya nyama au chembe mtaanza upya. Mkikwama kwa fedha ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjauza shamba. Tulikuwa na ndugu aliyekwisha pata mteja wa mikorosho yetu, tukamzuia kwa siku mbili tu.

Na mgonjwa aambiwe. Sisi tulimficha. Tulikuwa tunatoka nje kuongea, tunarudi na nyuso za kuchekacheka. Siku ya nne akasema, "Mnaninong'onezea kama mwali wa ndani. Nina kansa, sivyo? Nimekaa benchi la watu wenye kansa, mlifikiri nadhani wanangoja meli?" Kuanzia siku ile akawa anauliza maswali yake mwenyewe kwa daktari, mazuri kuliko yetu.

Sitakudanganya kuhusu mwisho. Kinundu hiki kikionekana, kwa kawaida ugonjwa umekwenda mbali, na hakuna dawa ya mizizi wala maombi niliyoona yakiurudisha. Lakini kwenda mbali si sawa na kwamba hakuna la kufanya, na hapo ndipo nilipokuwa natofautiana na wazee waliosema arudishwe nyumbani mara moja. Alipewa dawa za saratani za dripu, kwa mizunguko. Nywele zilitoka, kichefuchefu kilimtesa, lakini tumbo lilipungua, na baada ya mzunguko wa tatu kile kinundu kilibaki kama punje ya choroko. Alirudi Mikindani akakaa msimu mzima wa korosho, akagombana na wajukuu, akaenda arusi mbili. Tangu siku ya muuguzi yule hadi tulipomzika ni miezi kumi na minne. Ile miezi miwili ya ndoo ningeitaka iwe ndani ya hesabu, sikatai.

Maumivu yalipozidi alipewa mofini ya maji ya kunywa. Watu walituogopesha kwamba atakuwa teja. Mtu anayelia usiku kucha hana nafasi ya kuwa teja. Ulizeni huduma inayoitwa tiba shufaa, hiyo ndiyo yao: kupunguza maumivu, kutoa maji tumboni, kukaa na familia. Alilala usingizi wa kweli kuanzia siku ya pili.

Mwaka jana bintiye yule yule akanipigia tena, sauti imekauka. "Dada, na mimi ninacho. Kigumu, cheusi, hakiingii." Sikusema habari za kitenge. Nilimwambia apande bajaji sasa hivi, nikamkuta hospitali, tumeshikana mikono kama tunaosubiri hukumu. Daktari, kijana mmoja mpole, alikiangalia kwa taa, akachukua kibano na mafuta kidogo, akachokonoa, akatoa kitu kama mbegu ya ubuyu. Uchafu tu, uliojikusanya miaka na miaka ukawa jiwe. Akamwonyesha, akamwambia, "Mama, siku nyingine sabuni."

Tulicheka mpaka getini. Kisha akalia, na mimi nikamwacha alie.