Eksirei safi haitoshi ukiwa na skleroderma na baridi yabisi kwa pamoja

Dada, umeuliza kama kikohozi kikavu na kuhema ukipanda ngazi vinaweza kutokana na mapafu, wakati eksirei imetoka safi na umeambiwa ni asidi ya tumbo. Ndiyo, vinaweza. Mimi nina magonjwa hayo hayo mawili kama wewe, skleroderma (ugonjwa unaokaza ngozi na hata viungo vya ndani) na baridi yabisi, na mapafu yangu yalikuwa yameshaanza kupata makovu huku eksirei haionyeshi kitu. Yalionekana kwenye CT skani ya vipande vyembamba. Omba hiyo. Wakiona kivuli kwa nyuma sehemu ya chini, waombe wapige tena ukiwa umelala kifudifudi. Kikitoweka, yalikuwa mapafu yamelaliwa tu.

Kipimo cha kupuliza nacho usikubali kiishie nusu. Wengi hupimwa kiasi cha hewa wanachotoa, basi. Kuna sehemu ya pili inayoonyesha gesi inavyovuka kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Kwenye majibu huandikwa DLCO. Namba hizo mbili zisomwe pamoja. Zikishuka zote, makovu hushukiwa kwanza. DLCO ikiporomoka peke yake, hewa ikiwa karibu na kawaida, waangalie shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu, kwa kuanzia na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Na kama hewa imepungua lakini CT ni safi, misuli ya kupumulia ikaguliwe, hasa ukiona taabu kunyanyua mikono au kuinuka kitini, kwa sababu uvimbe wa misuli hupenda kuandamana na skleroderma.

Kuhusu asidi, daktari ana hoja: skleroderma hulegeza umio, na asidi inayopanda huweza kuingia mapafuni. Ila kuwa na asidi hakufuti uwezekano wa makovu. Unaweza kuwa na vyote, na hilo ndilo ningelisisitiza mbele yake.

Vidole vyako vikiwa baridi na vyeupe, oksimita ya kidoleni, kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, huweza kudanganya. Mimi huomba ya sikioni.

Mwambie pia dawa zote unazotumia. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi, huweza kuleta uvimbe mapafuni, japo ni nadra, na dawa za kushusha kinga hufungulia njia maambukizi, kifua kikuu kikiwemo. Kwa hiyo kikohozi kikizidi ghafla au kikija na homa, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.