Shangazi, mume wangu kachonga kofia ya askari wa angani

Wapendwa, sijui mwezi huu mmeambizana, maana nusu ya barua zinamhusu mtu yule yule, shabiki wa saifai, yani hizi hadithi na muvi za kubuni za kisayansi, maroboti, vyombo vya angani, watu wanaorudi nyuma kwenye wakati. Nimechagua chache. Natangaza maslahi mapema, huu ugonjwa mi ninao tangu niko shule, kwaiyo msitegemee hakimu asiye na upande.

Shangazi shikamoo. Mume wangu ana miaka 41, kazi anafanya, nyumbani anahudumia, huko sina la kulalamika. Tatizo ni kofia. Huu ni mwezi wa nne mfululizo, kila jumamosi anakata sponji za mikeka ya mazoezi, anabandika na gundi, anachoma na draya, anapaka rangi, eti vazi la askari wa angani. Juzi nimemkuta usiku wa manane mbele ya kioo kavaa hiyo kofia anacheka peke yake. Ana wenzake kumi na kitu hali ni hiyo hiyo. Huyu mtu ni mzima? – Mke mwenye mashaka

Marahaba mwanangu. Mzima kabisa, amecheka kwa sababu kofia imemkaa, na hiyo siku mtu huisubiri miezi. Ule sponji una tabia zake, unaupasha moto mpaka uso wake uanze kung'aa kidogo ndo unaukunja haraka juu ya bakuli au goti, unaushikilia mpaka upoe, ukiuachia mapema unanyooka tena unaanza upya. Kama anatumia draya yako ya nywele mwambie anunue ile ya mafundi inayotoa upepo wa moto mkali, yako ataiunguza bure na wala joto haifikishi. Gundi yake nayo, ile ya kupaka pande zote mbili mnasubiri ikauke kidogo ndo mnabandika, mvuke wake si mchezo, hapo gomba kabisa nakuunga mkono, madirisha wazi na watoto mbali.

Alafu hajaanza yeye. Julai 1939 mashabiki walifanya kongamano lao la kwanza la dunia kule New York, watu kama 200 hivi, na hilo neno dunia walilichukua kwenye maonesho makubwa ya dunia yaliyokuwa yanaendelea jijini humo humo, si kwamba dunia nzima ilifika. Wenzao wamevaa suti na tai, mara anatokea Forrest J Ackerman na mwenzie Myrtle R. Jones wamevaa nguo za watu wa karne zijazo. Sifa alizibeba Ackerman miaka na miaka. Aliyebuni na kuzishona zote mbili ni Myrtle. (Hili huwa linaniuma, nimelisema nipumue.)

Na muulize anapanga kuivaa wapi, jibu linaweza kukushangaza. Kuna kundi linaitwa 501st Legion lilianzishwa Marekani mwaka 1997 na mashabiki wa Star Wars, zile muvi za vita vya angani, wanavaa zile nguo za askari weupe. Huingii kwa kujaza fomu tu, vazi lako linakaguliwa kipande kwa kipande kwa viwango vyao, ukishapita ndo unapewa namba yako. Wakishavaa sasa wanakwenda hospitali kuona watoto wagonjwa na kuchangisha hela za misaada, wao mfukoni haiingii hata shilingi. Mume wa hivyo mimi ningempa na chumba cha stoo.

Mambo shangazi. Ivi hawa watu walijuanaje kabla ya simu na intaneti? Mtu unasoma chumbani kwako peke yako, unajuaje kuna mwenzio mahali? – Mdadisi

Poa mdogo wangu. Jibu ni neno moja, anwani. Aprili 1926 Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alitoa Amazing Stories, gazeti la kwanza la Kiingereza lililobeba hadithi za namna hii tupu. Likawa na kurasa za barua za wasomaji, na barua ikichapwa inachapwa na anwani kamili ya aliyeandika. Basi ikawa imetoka hiyo! Dogo wa mji huu anasoma dogo wa mji ule anabisha kuhusu roketi, anaona anwani, anamwandikia moja kwa moja, gazeti wameshalipita pembeni. Barua zikazaa klabu, klabu zikaanza kutoa vijarida vyao wenyewe, kinachohesabiwa cha kwanza ni The Comet cha Mei 1930, ingawa jina la vijarida hivi, fanzini, lilikuja baadaye, alilibuni shabiki Russ Chauvenet mwaka 1940.

Hapa niacheni nikae kidogo, maana ndo sehemu ninayoipenda. Vingi vya vijarida vile vilichapwa kwa jelatini. Unaandika ukurasa kwa wino maalumu, mara nyingi wa zambarau, unaulaza juu ya sinia la jelatini iliyoganda, jelatini inaunyonya wino, alafu unabandika karatasi nyeupe moja moja unabandua, kila moja inatoka imefifia kuliko iliyotangulia. Nakala 50 hivi wino umekwisha. Kwaiyo tunaongelea gazeti lenye wasomaji wasiojaza daladala mbili, na mhariri mwenye vidole vya zambarau wiki nzima. Na vingi hukuhitaji hata hela kuvipata, ulitakiwa uandike barua ya kuchambua toleo lililopita, au utume makala au mchoro, au mbadilishane na chako. Ukikaa kimya hupati. Malipo ya mwandishi yalikuwa jina lake kutajwa toleo lijalo, na watu walikesha kwa ajili ya hayo malipo.

Uingereza nao Januari 1937 walikutana Leeds, hawakufika hata 25, mmoja wao kijana wa miaka 19 anaitwa Arthur C. Clarke. Huyo alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa saifai.

Shangazi nimeenda kwenye klabu ya mashabiki nikaulizwa vitabu gani vya zamani nimesoma, nikasema mimi nimeanzia kwenye muvi, wakacheka, mmoja akasema "kumbe mtazamaji". Sijarudi. Nimekosea? – Mtazamaji

Hujakosea, na hiyo tabia ya kusimama mlangoni ina umri sawa na kongamano lenyewe. Lile la 1939 nililolitaja juu, vijana sita wa klabu moja ya New York walizuiwa kuingia, kisa ugomvi wa makundi na siasa, waandaaji waliogopa watagawa vipeperushi na kuharibu shughuli. Mwenzao Isaac Asimov, naye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa saifai, aliingia, wao wakabaki nje. Sasa waangalie waliobaki nje, Donald Wollheim alikuja kuanzisha kampuni yake ya vitabu mwaka 1971, Cyril Kornbluth akawa mwandishi wa kuheshimika, na Frederik Pohl akachukua Hugo, tuzo kubwa ya saifai, zaidi ya mara moja, tuzo ambayo tangu 1953 inapigiwa kura na wanachama wa kongamano lile lile lililomfungia mlango. Mi hii stori siichoki.

Ushauri wangu rudi mara moja tu, ila usiende mikono mitupu. Andika uchambuzi wa ukurasa mmoja wa hiyo muvi unayoipenda, kwanini meli inafanya sauti angani wakati huko hamna hewa ya kubeba sauti, chochote, kiweke mezani. Klabu nzuri itaanza kubishana na karatasi yako na kukusahau wewe ulianzia wapi. Isipobishana tafuta wawili wengine mfungue yenu, tatu inatosha.

Shangazi hawa watu wanakusanya saini na barua kila tamthilia ikifutwa, kuna siku imesaidia au ni kelele tu? – Nisiye shabiki

Imesaidia, kwa kiasi. Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, ilianza 1966, tetesi zikaenea itafutwa, shabiki Bjo Trimble na mumewe John wakawapanga mashabiki waandike, na barua zikawa nyingi mpaka Machi 1968 kituo kikatangaza hewani baada ya epsodi kuwa inaendelea, kimsingi jamani acheni kuandika. Wakaipa sizoni ya tatu, wakaipeleka ijumaa saa 4 usiku ambapo vijana hawako nyumbani, 1969 ikafutwa kweli. Lakini marudio yakaendelea kuonyeshwa kila mahali, na mwaka 1972 mashabiki walipoitisha kongamano lao New York wakitegemea mia kadhaa, wakaja maelfu. Mwaka 1976 wakaandika tena, safari hii kwa Rais Ford wa Marekani, hadi chombo kipya cha NASA, shirika la anga la huko, kikabadilishwa jina kutoka Constitution kuwa Enterprise, jina la meli ya angani ya kwenye Star Trek. Chenyewe kilikuwa cha majaribio, anga za juu hakikufika kamwe, ila jina walipata.

Mi hata hivyo ushindi ninaouheshimu zaidi ni wa mashabiki wa Doctor Who, tamthilia ya saifai ya televisheni ya Uingereza, BBC. BBC miaka ya 60 na 70 walikuwa wanafuta kanda zao wazitumie upya, epsodi nyingi zikapotea picha. Sauti zake zote zipo. Zipo kwa sababu kuna watoto waliweka maikrofoni ya kinasa sauti mbele ya spika ya televisheni na kuwaambia watu wa nyumbani nyamazeni.

Shangazi filki ni nini? – Msikilizaji

Ni nyimbo za mashabiki, wanaimba kwenye makongamano usiku na magitaa, nyingi ni mashairi mapya juu ya tuni zinazojulikana. Jina limetokana na makosa ya kuchapa miaka ya 1950, mtu alitaka kuandika "folk", kidole kikateleza herufi ya jirani. Hawakusahihisha, wakalipenda.

Shangazi nimekuwa katibu wa klabu yetu miaka sita. Nimechoka. Nikifikiria kikao natamani niumwe. Nikiacha watasema nimewasaliti. – Katibu

Pole sana. Mashabiki wa zamani wana neno la hali yako, gafia, ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukimbia kila kitu. Kinachonichekesha ni kwamba mwanzoni ulikuwa unagafia kutoka kwenye maisha ya kawaida unakimbilia kwenye ushabiki, baadaye likageuka, ukisikia fulani kagafia ujue kaukimbia ushabiki wenyewe. Kwaiyo waliokutangulia ni wengi mpaka ikabidi watungiwe neno, na wengine walirudi baada ya miaka wakapokelewa kama walitoka dukani.

Kikao kijacho peleka daftari la mahudhurio, orodha ya wanachama na funguo ya kabati, mkabidhi mtu mbele ya wote, usimwambie nani afanye nini, ondoka kabla ya mengineyo. Ila zile fanzini zako za zamani usichome wala kugawa, niandikie mimi kwanza.