Usiuze shamba la michikichi ukapige picha ya ubongo

Wiki iliyopita nilikuwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nasubiri mzigo wa dagaa, ujumbe ukaingia kutoka kwa dada mmoja wa Ilagala. Usiku miguu inamtambaa kama ina sisimizi ndani ya mifupa. Kaka yake ameshapata mnunuzi wa shamba lao la michikichi ili aende Dar es Salaam kupiga MRI ya ubongo. "Dada, nifanyeje?"

Nilisoma mara tatu. Huyo ni mimi wa miaka minne nyuma, kabla sijajua kuwa huu ni ugonjwa wa miguu isiyotulia (restless legs).

Yangu ilianza na mimba ya tatu. Nalala saa nne, saa tano niko wima nazunguka ua. Miguu haiumi, naomba mnielewe, inadai kutembea. Ukiinuka inatulia, ukirudi kitandani inaanza upya. Mtoto akazaliwa, miguu ikabaki vilevile. Kwenye treni ya Tabora nilisimama koridoni kuanzia Uvinza mpaka Kaliua na tiketi ya kukaa ninayo mkononi. Mume akahamia sebuleni na mkeka wake. Mama mkwe akasema ni jini la ziwani. Kuku wawili weusi walikwenda, na mengine sitayaeleza hapa.

Mwisho nikatoa mtaji wote wa dagaa nikapige picha. Ile mashine inagonga kama mafundi wanaezeka bati, na kijana ananiambia, "Mama, usitikise mguu." Mimi! Nisitikise mguu! Majibu yakaja: ubongo hauna tatizo. Mume wangu aliisoma ile karatasi, akaikunja, akasema, "Sasa umeona mwenyewe." Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Nesi mmoja ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza: unasikia hamu ya kuitikisa miguu? Inazidi ukipumzika? Inapungua ukitembea? Jioni na usiku ndiyo mbaya zaidi? Zote ndiyo. Ugonjwa huu hutambuliwa hivyo, kwa maswali. Daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliuandikia kitabu mwaka 1945, kwa hiyo jini la mama mkwe lina vyeti vya hospitali siku nyingi.

Na ubongo kweli unahusika. Mwaka 2001 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walipima kwa MRI madini ya chuma kwenye ubongo wa wagonjwa 5 na wazima 5. Kwa wagonjwa, chuma kilikuwa pungufu kwenye sehemu ndogo ya katikati iitwayo substansia nigra. Ubongo unahitaji chuma kutengeneza dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe inayohusika na mwendo wa mwili. Wengine wametafuta kama umbo la ubongo lenyewe hubadilika, majibu yao hayalingani. Ila zile ni picha za utafiti, zinalinganisha kundi na kundi. Picha ya kawaida ya hospitali haikupimii chuma hicho. Yangu ilitoka safi na mimi silali!

Kipimo nilichokihitaji ni cha damu tu, cha ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Wingi wa damu yangu ulikuwa 12, kila mtu akisema damu ipo. Ferritini ilikuwa 11. Damu ni hela ya mfukoni, ferritini ni akiba ya kibubu, na kibubu changu kilikuwa kitupu. Kwa ugonjwa huu madaktari hufikiria kuongeza chuma hata ferritini ikiwa chini ya 75 tu. Nikapewa vidonge, navimeza na maji ya chungwa, chai naiweka mbali navyo. Ilichukua miezi miguu kutulia. Pia niliacha dawa ya mafua ya kulevya usingizi niliyokuwa nameza nilale. Kumbe dawa za aina ile huichochea miguu.

Sasa wanawake wenzangu, nyote mnaotaka biashara ikue na watoto wasome: mtaamkaje alfajiri kwenda mwaloni kama hamlali? Pima ferritini. Kama hospitali yenu haina, omba sampuli ipelekwe maabara kubwa. Lakini usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha, hasa mwenye selimundu aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi, kwake chuma kinaweza kuwa kimezidi. Pima kwanza. Narudia, pima ferritini, na mwanamume atakayekuambia ni akili yako mpe mkeka akalale sebuleni.

Dada wa Ilagala alinijibu jana. Hajapima bado, ila mnunuzi wa shamba ameambiwa asubiri.