Kuwapeleka wanafunzi katika shamba la mkonge

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari wilayani Muheza. Tumepata kibali cha kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili katika shamba la mkonge, wakaone ukataji na korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani. Naomba ushauri kuhusu usalama wao na heshima kwa wafanyakazi.
Mwalimu, Muheza

JIBU: Mwalimu, umefanya vyema kutanguliza kibali, kwa kuwa wapo wanaoona shamba halina ukuta wakadhani halina mwenyewe. Sasa mwombeni meneja awape msimamizi wa kufuatana nanyi tangu getini hadi mtakapoondoka.

Shambani, chungeni ncha za majani, kwani kila moja ina mwiba mgumu uwezao kumtoboa jicho mtoto anayeinama au kusukumwa na mwenzake. Watembee kwenye barabara za shamba, wala wasijipenyeze katikati ya mistari. Maji ya jani bichi huwasha ngozi. Atakayeyagusa anawe mara moja. Kandambili zibaki nyumbani.

Ninachokihofia zaidi ni korona. Mashine hii huponda majani na kuyakwangua kwa ngoma zenye visu butu, huku maji yakimwagika, mpaka zibaki singa, yaani nyuzi za mkonge, ambazo uzito wake ni chini ya asilimia 5 ya jani zima. Sakafu huteleza, na kelele humeza sauti ya mwalimu, hivyo kubalianeni ishara za mikono kabla ya kuingia. Tai zivuliwe, nywele ndefu zifungwe, na wasichana wavaao mtandio wauchomeke ndani ya shati. Jambo hilo waelezwe wazazi mapema, lisije likawa la kuamrishana mlangoni. Kwenye mashine za brashi, zinazosugua singa zilizokauka, kuna vumbi jingi, na mwenye pumu abaki nje hata akilia.

Kuhusu heshima, fahamuni kwamba mkata mkonge hulipwa kwa kadiri ya kazi aliyoimaliza, ikihesabiwa kwa matita ya majani 30, naye huanza alfajiri kulikimbia jua. Kila anaposimamishwa kujibu maswali, ujira wake ndio unaopungua. Salamu wampe, na shikamoo kwa mkubwa wao, kisha wapite; maswali waulizwe wasimamizi, au yeye mwenyewe akishamaliza kazi na akiwa radhi. Historia ifundisheni darasani, kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf ukapandwa karibu na Pangani. Hayo si ya kumwuliza mtu mwenye kisu mkononi.

Picha aombwe mpigwa picha mwenyewe, kwani ruhusa ya meneja haitoshi: si kila mtu apenda kuonekana akiwa amelowa jasho na utomvu. Singa zilizoanikwa wasizishike, kwa sababu zikichafuka hushushwa daraja. Chakula na maji ya kunywa mje navyo, mkale pale mtakapoonyeshwa na msimamizi, na takataka zenu mrudi nazo shuleni.