Zawadi kwa Mwingereza, sumu kwa Mjerumani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaam alaikum. Mimi ni mfanyabiashara wa mjini Lamu. Duka langu la kofia za kushonwa kwa mkono, mikoba ya ukili na sanamu ndogo za majahazi haliko mbali na jengo la zamani la Posta ya Wajerumani, na juu ya mlango nimeandikisha “Gift Shop”. Majuzi wageni wawili wa Kijerumani walikipiga picha kibao hicho huku wakicheka, na mmoja akanieleza kwamba kwao neno hilo ni sumu. Baharia mmoja aliyewahi kufanya kazi katika meli ya Uswidi naye akashikilia kwamba huko ni mtu mwenye ndoa. Ni yupi aliyesema kweli?
Msomaji, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam. Wote wawili wamesema kweli, kwa kuwa zawadi, ndoa na sumu zimetoka katika shina moja, nalo ni kitenzi cha kale cha lugha za Kigermaniki chenye maana ya kupa, ambacho leo Waingereza husema “give”, Wajerumani “geben”, Waholanzi “geven” na Waswidi “ge”. Humo ndimo lilimozaliwa jina “gift”, yaani kile kitolewacho.

Katika Kiingereza cha kale neno hili halikuwa zawadi ya kawaida. Lilikuwa mali aitoayo mwanamume kwa ajili ya mke, ambayo sisi tungeiita mahari bila kusita, na katika wingi wake lilikuwa harusi yenyewe. Siku hizo herufi yake ya kwanza ilitamkwa kama “y”. Hiyo “g” nzito ya leo imetokana na lugha ya Waskandinavia walioanza kuhamia Uingereza katika karne ya 9. Kwao binti aliyeozwa alisemwa kuwa ametolewa, na ndiyo sababu Mswidi au Mdenmaki humwita “gift” kila aliye katika ndoa, awe mke au mume.

Safari ya kuifikia sumu ni ndefu zaidi. Katika Kijerumani cha kale neno hili lilikuwa utoaji tu, na hata sasa “Mitgift” ni mali anayokwenda nayo bibi harusi kutoka kwao. Waliolipindua ni watu wa tiba. Wagiriki walikiita kipimo cha dawa “dosis”, maana yake kitolewacho. Kilatini kikalichukua neno hilo, na Wajerumani wakaifuata maana hiyo kwa neno lao wenyewe. Kisha, kwa kuwa watu huona uzito kukitaja kiuacho kwa jina lake, “alichopewa” ikawa namna ya staha ya kuitaja sumu, hata staha ikasahaulika ikabaki sumu peke yake. Tusiwacheke, maana mwenye duka yeyote wa Lamu ukimwomba dawa ya panya atakupa sumu, wala hakuna atakayeshangaa. Na hiyo “dozi” tunayoandikiwa hospitalini ni neno lile lile la Kigiriki, lililotufikia kwa njia ya Kiingereza.

Waholanzi wamejihadhari: “gift” kwao ni zawadi au mchango, na sumu ni “gif” au “vergif”. Waswidi hawakujali, sumu nayo ni “gift”, na utani kuhusu wenye ndoa hujitunga wenyewe.

Kibao chako kiache kilivyo, kwa sababu wageni wengi wa Kijerumani wanakijua Kiingereza, na anayesimama kucheka mlangoni huenda akaingia. Ukitaka kuwaongezea neno la kwao, mwambie mchoraji aandike chini yake “Geschenke”, yaani zawadi, neno lililotokana na kitenzi ambacho hapo zamani kilikuwa kumimina kinywaji na kumpa mtu anywe.